Siku Tuliyongoja Ziwa Lipwe

Mama mkwe wangu alinikataa kabla hajaniona. Hakuwa na neno na sura yangu, maana hakuijua, wala na kazi yangu, maana kuuza sabuni na biskuti kwa jumla pale Kikuubo ni kazi ambayo mama yeyote wa Kampala ataiheshimu. Alichokikataa ni Kiswahili. Aliambiwa kuna kijana Mkenya, mtu wa pwani, Mkristo, anataka kumwoa binti yake mwalimu. Akauliza swali moja tu: huyo kijana kwao wanaongea lugha gani? Alipojibiwa, akainuka akaenda jikoni kumenya ndizi. Hilo ndilo lililokuwa jibu.

Mimi nilikasirika. Nilikuwa kijana, nina miezi minane tu Kampala, nimepanga chumba Kyebando, na kitu pekee nilichokuja nacho kutoka kwetu ambacho nilikionea fahari ni hicho Kiswahili. Nimebembelezwa nacho, nimechapwa nacho, nimesali nacho. Nikamwambia mchumba wangu kwamba mama yake ana chuki. Ndipo akanieleza.

Baba yake alikuwa polisi, na familia ilikaa Naguru katika nyumba za polisi miaka mingi. Siku moja ya vita, mchana kweupe, walikuja watu wenye bunduki. Wakawalaza wote chini, mama na watoto, wakatoka na kabati la vyombo na vyombo vikiwa ndani. Kila walichosema walikisema kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo mama hakutaka kukisikia nyumbani mwake. Baba alikuwa akikitumia kazini, lakini akifika mlangoni alitakiwa akiache nje pamoja na viatu.

Hapo hasira yangu ilikwisha, ikabaki aibu. Lakini nilikuwa na kichwa kigumu, nikaona dawa iko wazi. Mama huyu hajakisikia Kiswahili mahali pake. Akikisikia kando ya maji, kikitaja ndege na mawimbi na upepo, atajua kumbe hii ni lugha ya watu. Kwetu hakukuwa karibu, lakini ziwa lilikuwepo. Nikaamua kuipeleka familia matembezi ziwani, niwe kiongozi wao wa safari, mimi mtoto wa pwani.

Niseme ukweli hapa, maana wakati ule sikuusema. Nilizaliwa Rabai, juu vilimani. Bahari tulikuwa tukiiona kwa mbali, na kuifikia tuliifikia wakati wa likizo tu, tukienda kwa ndugu. Kuogelea sijui mpaka leo.

Safari hiyo ilikuwa na kizuizi kimoja, na aliyenifumbua macho ni shangazi wa mchumba wangu, dada wa baba yake, ambaye Waganda humwita ssenga. Ssenga ndiye mwenye kushughulikia mambo ya binti na ndoa, na huyu wangu alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, aliyekuwa upande wangu tangu nilipomletea katoni ya sabuni. Alikuja dukani, akaketi juu ya magunia, akanisomea sheria.

"Ssebo, wewe na mama wa bibi yako hamuwezi gusana. Hamuwezi angaliana kwa macho. Hamuwezi kaa pahali pamoja, hamuwezi kura sahani moja. Ukigusa yeye, obuko inakuja."

"Obuko ni nini, Ssenga?"

Akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu akaitetemesha, magunia yakatetemeka pia. "Ni ugonjwa. Mikono inafanya hivi mpaka unakufa. Na yake pia."

"Basi hataweza kuja."

"Atakuja! Amekaa Naguru miaka therathini, ziwa anaona kwa mbari tu, kama bati. Hakuna mutu alishamupereka. Anataka sana. Tutapanga."

Alipanga kweli. Mama angekaa mbele kwa dereva, mimi nyuma kabisa. Tukitembea, mimi ningetangulia, kisha mchumba wangu, kisha ssenga, kisha mama akiwa nyuma ya mwavuli. Nikitaka kusema kitu nimwambie ssenga, naye atakipeleka kwa Kiluganda. Mwavuli nilimnunulia mimi, mweusi, wa mpini wa mbao, palepale Kikuubo kwa jirani yangu.

Wiki mbili kabla ya safari nilikwenda peke yangu kupeleleza. Mbele ya Ggaba kuna kijiji cha wavuvi, na ukikipita unafika mahali ambapo kilima kinashuka ziwani kwa mawe makubwa meusi. Juu ya mawe unaona maji mpaka visiwa vilivyo mbali. Chini kuna njia nyembamba ya mchanga inayopita kati ya jabali na maji, na ukiifuata unatokea kwenye kijifukwe safi, mchanga mweupe, hakuna mtu. Ilikuwa saa tatu asubuhi na njia ile ilikuwa kavu. Kwenye jabali, karibu usawa wa goti, niliona alama ya maji.

Mtu mwingine angeuliza wenyeji. Mimi niliitazama alama ile nikatabasamu, nikasema moyoni, aha, maji yamekupwa. Nikatoa daftari nikapiga hesabu kama nilivyowasikia wajomba zangu wakipiga: yamekupwa asubuhi, yatajaa mchana, yatakupwa tena jioni. Siku yetu ikifika nitaongeza muda kidogo kwa kila siku iliyopita. Palikuwa na mvuvi anashona wavu. Nikamuuliza kama njia hii inapitika. Akasema, "Asubuhi ni sawa." Nikamwona mtu mwenye maneno machache, kumbe alikuwa amemaliza kila kitu.

Siku ilipofika tuliondoka saa nne badala ya saa mbili, kwa sababu ya chakula. Ssenga alikuwa amepika kuku kwenye majani ya ndizi, na kuku wa namna hiyo haharakishwi. Gari lilikuwa la kukodi, na dereva wake alibaki kijijini kulala. Tukapanda kilima kwa mstari wetu. Nikigeuka nyuma naona mchumba wangu akizuia kicheko, ssenga akihema, na nyuma yao mwavuli mweusi ukipanda wenyewe juu ya vazi lake refu la gomesi, la rangi ya machungwa. Uso wa mama mkwe wangu sikuuona hata mara moja.

Pale juu mama alisimama upande mmoja wa jiwe kubwa, mimi upande wa pili, na ssenga akasimama katikati. Nikasafisha koo. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima.

"Mwambie mama, yule ndege mweupe kichwa, aliyekaa juu ya mti mkavu, ni furukombe. Akiona samaki hushuka mara moja, hakosi."

Ssenga akageukia mwavuli akaongea. Akaongea muda mrefu. Upande wa pili ukaitika, "Mmm."

"Na wale weusi wanaopiga mbizi ni minandi. Wanaweza kukaa chini ya maji mpaka ukadhani wamekufa."

Ssenga akaongea tena, safari hii akinyoosha mkono kunionyesha mimi, si minandi. Mchumba wangu akainama akishika tumbo. Nikamnong'oneza, "Anasema nini?"

"Ulipotaja furukombe, amesema kwenu mna shamba la minazi."

"Hatuna mnazi hata mmoja! Na minandi?"

"Amesema hunywi pombe."

Hivyo ndivyo mandhari ya ziwa ilivyotafsiriwa. Nikaonyesha fisi maji wawili wakicheza kati ya mawe, mama akaambiwa nawapenda sana watoto. Nikaeleza kwa ufasaha wangu wote jinsi upepo unavyobadilisha rangi ya maji, nikatumia maneno ambayo hata mimi nilikuwa sijayatumia tangu shule, mama akaambiwa kwamba bosi wangu ananiamini na funguo za duka. Kiswahili changu kitamu, ambacho ndicho kilichotuleta pale, kilikuwa kinaishia tumboni mwa ssenga. Niliudhika sana, lakini utamgombezaje mtu anayekusifu?

Tukashuka, tukapita njia ya mchanga ikiwa bado kavu, tukatokea kwenye ufukwe. Ilikuwa karibu saa saba. Tukala kwa makundi mawili, mimi nyuma ya jiwe peke yangu na kuku wangu, wenzangu watatu upande wa pili. Ndege mmoja aina ya kaloli, wale wakubwa wenye vipara wanaokaa kwenye majalala ya Kampala, alikuja akasimama mbele yangu akanitazama nikila. Sijui aliletwa na nani huko kote. Firigisi, ambayo ssenga alikuwa amenipa kwa heshima, niliiweka chini nifungue soda, na sikuiona tena.

Mara upepo ukaanza kutoka ziwani. Kwanza kidogo, kisha wa kuvimbisha gomesi. Mawimbi yakaja, na nilipoinuka kwenda kuangalia, njia yetu ilikuwa imefunikwa. Maji yalikuwa yanalipiga jabali usawa wa goti, pale pale penye alama, na yakirudi yanachimba mchanga kwa nguvu.

Nilifurahi! Hesabu yangu ilikuwa imetoka sawasawa. Nikarudi nikatangaza, "Msiwe na wasiwasi. Maji yamejaa. Tungoje tu, yatakupwa."

Ssenga akauliza, "Yata-nini?"

"Yatarudi nyuma. Kufikia saa kumi na moja njia itakuwa kavu."

Akapeleka habari. Mwavuli ukaitika, "Mmm." Nao wakangoja. Nimekaa na Waganda miaka mingi sasa na najua jambo ambalo siku ile sikulijua: hawakuambii kwamba umekosea. Watakaa na wewe ndani ya kosa lako, wakisema asante, mpaka uone mwenyewe. Saa tisa ikafika. Saa kumi. Ssenga akalala kidogo. Mchumba wangu akasahihisha madaftari ya wanafunzi, maana alikuwa amekuja nayo. Mimi nilichomeka kijiti mchangani penye ukingo wa maji, nikawa natazama kijiti. Wimbi likakichukua.

Saa kumi na nusu swali likatoka nyuma ya mwavuli. Ssenga akalileta. "Mama anauliza, hii maji ikirudi, inarudi wapi?"

"Yanarudi baharini... yaani katikati. Mwezi ndio unayavuta."

Akapeleka. Kisha maneno machache ya Kiluganda, taratibu. Ssenga akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku nzima nilihisi anatafsiri bila kuongeza chumvi.

"Amesema, yeye ako Naguru miaka therathini. Kira asubuhi anaangalia hii ziwa. Haijawahi kwenda pahali."

Nikalitazama ziwa. Nikatazama alama kwenye jabali, ambayo sasa niliielewa. Upepo wa mchana huja, mawimbi hupanda. Asubuhi upepo hulala, njia hukauka. Kila siku ni hivyo. Hakuna kupwa na kujaa, hakuna bamvua wala maji mafu, hakuna mwezi wala wajomba. Nilikuwa nimewaketisha watu watatu saa tatu nzima wakingoja ziwa lifanye kitu ambacho haliwezi. Uso uliniwaka moto mpaka masikioni. Na lililoniuma zaidi si ujinga wangu. Ni kwamba nilikuja kumthibitishia mama huyu kwamba maneno yangu ni ya kuaminika, na yalikuwa yamemwachia njaa na upepo.

"Tutapita juu," nikasema.

Juu kulikuwa na njia ya mbuzi kando ya jabali, pana kiasi cha nyayo mbili. Ssenga akapanga mstari upya. Mama atangulie, maana alikuwa mwembamba na mwepesi, kisha binti yake, kisha yeye mwenyewe, nami niwe wa mwisho. Mimi nikakataa. Mwanamume atangulie, nikasema, apime njia. Kwa kuwa nilishakosea kutwa, wakanihurumia wakaniachia. Mama akanifuata kwa mbali, mwavuli mbele ya uso.

Nilikuwa nimebakisha hatua kumi kufika juu. Nikaweka mkono juu ya jiwe, na jiwe la pembeni yake likafungua jicho. Alikuwa kenge, mnene, urefu wa ssenga. Asubuhi nilikuwa nimemwambia ssenga amwambie mama kwamba kenge hana madhara, mtu asimwogope. Nilipiga yowe. Kenge akaenda zake kushoto, mimi nikaenda zangu kulia.

Niliteleza juu ya tumbo mpaka kwenye ufa kati ya mawe mawili, miguu ikawa majini, na kila wimbi likija linanifika kifuani. Chini ya miguu sikuhisi kitu. Nikashika ukingo wa jiwe kwa vidole. Juu yangu nikasikia ssenga akilia kwa Kiluganda na mchumba wangu akiniita. Halafu kikatokea kichwa, na hapo ndipo nilipomwona mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza: mwanamke mwenye macho makali, kitambaa kichwani, pua ya mchumba wangu kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa karibu. Akanyoosha mkono. Nikanyoosha wangu. Vidole vilikuwa vimebakisha kiasi cha upana wa kiganja, na sote wawili, kwa pamoja, tukavirudisha nyuma.

Mpaka leo nalishangaa jambo hilo. Mtu anazama, na bado anakumbuka ugonjwa wa kutetemeka.

Akaniteremshia mwavuli. Nikashika ncha, akavuta, na mpini wa mbao ukamchomokea mkononi. Mwavuli nikabaki nao mimi, ukafunguka, wimbi likauchukua. Bidhaa za jirani yangu wa Kikuubo.

Ndipo niliposikia sauti ambayo sikuitegemea. Ilikuwa kavu, ya juu, ya amri.

"Wewe! Funga macho! Usiangalie mimi!"

Kilikuwa Kiswahili. Nikafunga macho. Nikasikia nguo ikikunjuliwa, na kitu kizito, chenye joto la mwili, kikanipiga usoni. Ulikuwa mshipi wa gomesi yake, kile kitambaa kipana wanachofunga kiunoni. Gomesi haianguki ukiufungua, ina vifungo, lakini mama wa Kiganda hafungui mshipi mbele ya mtu, seuze mbele ya mkwe.

"Kamata! Kamata na mikono mbiri! Mguu ya kushoto, weka juu! Kushoto, nimesema! Usilete mchezo! Panda! Panda haraka!"

Nikapanda. Sijawahi kumtii mtu namna ile. Mchumba wangu na ssenga walikuwa wamemshika mama kiunoni, wote watatu wakirudi kinyumenyume, na mimi nikaja juu kama gunia, macho nimefumba, nikalala kifudifudi kwenye nyasi.

"Lala hapo hapo," sauti ikasema. "Kichwa chini. Mpaka mimi nipite."

Nikalala. Nikasikia hatua zake zikipita karibu na sikio langu, zikaenda. Mchumba wangu akachuchumaa kando yangu. Nilidhani anacheka, kumbe analia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake hajawahi kutamka neno la Kiswahili maishani. Hayo aliyoyasema aliyasikia mara moja tu, siku ile ya kabati. Kamata. Usilete mchezo. Lala hapo, kichwa chini. Hakuwa na mengine. Niliposikia hivyo nami nikalia, nikiwa bado nimelala nilivyoamriwa, na sikujali nani ananiona.

Njia nzima ya kurudi nilikaa nyuma juu ya mfuko wa nailoni, nikichuruzika. Mama alikaa mbele. Kwa kuwa mwavuli ulikuwa umekwenda na ziwa, alijifunika kichwa kwa ule mshipi uliolowa.

Wiki mbili zikapita bila habari. Kila asubuhi niliamka nikaitazama mikono yangu kama inatetemeka. Sikuwa na shaka kwamba nimekosa mke. Kisha ssenga akaja dukani, akaketi juu ya magunia yale yale, akaomba soda, akainywa yote taratibu kwa makusudi.

"Mama amesema," akaanza, "Kiswahili yako ni mulefu sana. Unaongea ndege, unaongea mwezi, unaongea upepo, na mwisho unaingia kwa maji. Yake ni fupi. Lakini inatoa mutu."

"Amekataa, Ssenga?"

"Ngoja. Siku ya kutambulishwa utaleta gomesi yake, kama wakwe wote wanaleta. Rangi yoyote. Lakini mushipi hataki ile ya kawaida. Anataka mulefu."

"Kwa nini mrefu?"

Ssenga akanipa chupa tupu. "Amesema anakuona tu. Utaanguka tena."

Alipoondoka nilifunga duka mapema, nikavuka njia kwenda kwa muuza vitambaa. Nilimweleza shida yangu, akatandaza jora la hariri juu ya meza, akachukua mkasi na futi yake.

"Huyo mama," akaniuliza, "ni munene kiasi gani?"

Nikamwambia aache kiuno cha mama. Nikapanda juu ya kiti chake, nikashika ncha ya kitambaa juu kabisa ya mlango, nikamwomba apime mpaka kitakapogusa chini, kisha kabla ya kukata aongeze kimo cha mtu mmoja, kimo changu.